Funza Katika Stoo ya Ndengu

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua imeshika sawasawa. Ndengu zimeota shamba zima, na kila mtu hapa Kabati anatembea akitabasamu kana kwamba mvua ameileta yeye. Mimi pia natabasamu. Lakini nusu tu.

Mume wangu Nzioka amerudi kazini Sultan Hamud asubuhi. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni mwa stoo akanipa masharti kama mwenye nyumba anayempa mpangaji. Stoo ni yangu mpaka ndengu zivunwe. Siku gunia la kwanza linaingia, funza wangu wanatoka. Hakuna mjadala. Mwaitu alikuwa nyuma yake anaitikia kwa kichwa. Tangu niolewe sijaona mama mkwe wangu akikubaliana na mwanawe haraka hivyo!

Na ni Nzioka huyu huyu aliyeniletea kopo la kwanza, kwa mzaha, kutoka kwa kijana mmoja wa huko Sultan Hamud anayefuga. Eti nilishe kuku wangu, niache kulia kuhusu bei ya chakula. Mealworms, kijana aliwaita. Mimi nawaita funza wa unga. Wembamba, rangi ya asali, wanakula pumba na kipande cha karoti, basi. Kelele hawana, harufu hawana. Sasa makarai yamejaa rafu mbili na kuku hawawamalizi tena. Kwa hivyo nitauza. Nimeamua.

Lakini lazima iwe stoo. Chumbani kwetu nilijaribu Septemba — joto la mabati likawapika karai zima kwa mchana mmoja. Stoo ni ya matofali ya udongo, ukuta mnene, marehemu mzee wa Mwaitu aliijenga hivyo ili nafaka isipate joto. Boma lote hili halina mahali pengine penye ubaridi. Na funza na nafaka haviwezi kukaa nyumba moja, hilo hata mimi sibishani.

Basi kazi ni moja: nipate mnunuzi wa kudumu kabla ya mavuno. Nikiwa naye, nitakuwa na la kumwambia Nzioka. Nisipokuwa naye, mimi ni mwanamke anayefuga wadudu tu.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku ya soko. Nimeenda na kopo limejaa na uso mkavu. Mwenye duka la chakula cha mifugo amechungulia, akafunga kifuniko haraka, akasema nisimwachie uchafu kwenye kaunta. Wa pili akauliza kama ni dawa ya kienyeji na inatibu nini! Nikacheka naye kidogo, nikaondoka nikimtukana moyoni.

Halafu Mama Fahim. Mwanamkasi ndilo jina lake, yule mwenye kuku na kware karibu na msikiti. Babu zake walitoka Pwani lakini yeye amezaliwa hapa, na Kikamba chake kinanishinda mimi. Hakuuliza maswali. Alichota funza kwa kijiko akawamwaga kwenye kizimba cha kware. Wee! Vita. Manyoya yaliruka mpaka barabarani.

Ndipo akauliza.

"Wanakula nini hawa?"

Pumba na karoti, nikasema.

"Machicha ya pombe je? Sema ukweli, Mama Mulwa. Customers wangu wananiuliza kila kitu."

Nikamwambia mimi ni mtu wa kanisa, machicha nitayatoa wapi. Akasema hata kanisa lina majirani. Tulicheka mpaka mteja wake akakasirika.

Nimletee tena, kopo kubwa zaidi, ya kujaribu. Si wingi anaotaka. Anataka kila Ijumaa bila kukosa. Mtu wa leo yuko kesho hayuko, hana haja naye.

Sitakosa. Hata nikiugua nitatambaa.

Jumanne, 18 Novemba

Niandike hili hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Funza hawabaki funza. Wakishiba wanajikunja, wanalala, wanakuwa weupe kama punje ya mchele mbichi. Baadaye wanaamka wakiwa wadudu weusi wenye mgongo mgumu. Hao weusi ndio wanaotaga. Bila hao hakuna mbegu, na bila mbegu hakuna biashara. Karai lao moja ndilo moyo wa stoo nzima.

Sasa — wanafanana na nani? Na Osama! Wadudu wa mahindi, wale wanaogeuza gunia kuwa vumbi. Hawa wangu ni wakubwa zaidi, ndiyo, lakini nenda ukamweleze Mwaitu. Mwaitu amepigana na Osama maisha yake yote. Kuna mwaka, anasimulia, walifungua stoo hii wakakuta unga mtupu na magunia, na watoto wakala matunda ya porini mpaka mvua nyingine. Mama huyu akiona mdudu mweusi juu ya pumba hakai chini akauliza jina.

Nimelisogeza karai la weusi nyuma kabisa, rafu ya chini, nikalifunika kwa gunia. Yeye anajua funza tu. Funza hana shida nao sana, anawaita takataka.

Nitamweleza siku moja. Si leo.

Jumapili, 23 Novemba

Mbinya wa kwaya ameniuliza mbele ya akina mama wote kama ni kweli nafuga mabuu. Nikamwambia ni kweli, na yeye anafuga umbea, na mfugo wake unazaa kuliko wangu. Halafu tukaingia kuimba, bega kwa bega, sauti ya pili.

Ijumaa, 5 Desemba

Ndiyo!! Mama Fahim amesema ndiyo!

Kware wake wanataga vizuri zaidi tangu aanze kuwapa. Kuanzia mwaka mpya nipeleke kila Ijumaa, baada ya swala, kopo nne. Na shemeji yake Abdulatif wa Mwingi amesikia, naye anataka kuona. Amenishika mkono kama wanaume wanavyoshikana wakiuza ng'ombe.

Nimerudi nyumbani sijui nimepita njia gani. Nilitaka kumwambia mtu. Mwaitu alikuwa anachambua kunde. Nikamwambia. Akasema, "Wanalipa watu kwa hiyo takataka?" Halafu mikono yake ikasimama: "Kila wiki?"

Kila wiki, Mwaitu.

Akaendelea na kunde zake.

Ijumaa, 12 Desemba

Sisimizi! Wamepanda rafu wakanibebea wadogo. Nimesimamisha miguu yote ya rafu kwenye makopo ya oili chafu kutoka kwa fundi wa pikipiki. Wapande sasa.

Jumanne, 23 Desemba

Kesho naenda Kilungu, kwetu. Ntheo ya mdogo wangu — mbuzi wa posa wanaletwa, na mimi ndiye dada mkubwa, nisipokuwepo nitasemwa mpaka kaburini. Narudi Jumapili. Nzioka atafika hapa kesho jioni kwa Krismasi.

Nimemwomba Mwaitu awatazame funza. Nikamwonyesha: asubuhi vipande vya karoti, usiloweshe pumba, funga mlango kuku wasiingie. Alisikiliza amekunja mikono. Akasema ameshalea watoto na wajukuu, karoti hazitamshinda.

Karai la nyuma sikumwonyesha. Nimeliwekea karoti za kutosha. Wale wanaolala nimewatoa, kwa maana funza wenye njaa huwatafuna, nikawaweka kwenye beseni chini ya meza ya mtungi sebuleni; hao wachache ubaridi wa mtungi unawatosha.

Nina furaha, nikubali tu. Naenda kwetu nikiwa mtu mwenye biashara.

Jumapili, 28 Desemba

Wamekufa.

Jumatatu, 29 Desemba

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika kwa hasira, hasira ndiyo nguvu niliyo nayo.

Mwaitu alinipokea getini akiwa na furaha. Furaha! Alinishika mkono akanipeleka stoo aniambie alivyoniokoa. Siku ya Krismasi kuku mmoja aliponyoka akaingia, akalivuta lile gunia la nyuma. Mwaitu akaona. Weusi, wengi, juu ya pumba.

"Osama, Kasiva! Na si wale wadogo. Mama zao! Walikuwa wanamaliza chakula ya funza zako na wewe hujui."

Kwa hivyo alitoa dawa ya mahindi. Ile aliyonunua kwa ajili ya mavuno. Akanyunyiza karai la weusi, na kwa kuwa ni mtu mkamilifu akanyunyiza makarai yote, rafu zote mbili, akachanganya kwa mkono ishike vizuri. Vile tunavyofanya mahindi. Vile kila mwanamke wa Kitui anavyofanya tangu dawa hizo zije. Angekuwa jirani yangu, angekuwa mimi mwenyewe miaka mitano iliyopita, ningefanya hivyo hivyo.

Nilipiga kelele. Nilimwambia, Mwaitu, hao ndio mama wa funza! Umewaua mama zao! Akanitazama. Akatazama karai. Akauliza polepole: "Kwa nini hukuniambia?"

Nikaokota lile gunia, nikalikunja.

Ameingia chumbani kwake na hajala chakula cha jioni.

Jumanne, 30 Desemba

Makarai mawili ya chini bado yana funza wanaosogea. Si wote, lakini wanatosha kujaza kopo za Ijumaa, hata kubaki. Nzioka amesema kuwa wako hai, niwachekeche, niwaoshe pumba, nipeleke. Nani atajua? Nikishavuka Ijumaa ya kwanza nitajua la kufanya na ya pili.

Nikakaa nalo asubuhi nzima. Nasema ukweli hapa: nililitaka. Niliwachekecha hata. Walikuwa wazuri, wanene.

Halafu mchana nikamwona yule tetea mweusi, aliyekuwa akidonoa funza waliomwagika mlangoni mwa stoo. Anayumbayumba. Anakaa, anasimama, kichwa kinalala upande.

Nimechimba shimo nyuma ya choo, refu kupita kiuno, nikawazika wote, walio hai na waliokufa, na pumba zao. Nzioka alikuwa ameshika kiuno anatazama. Akasema sasa mambo yamejimaliza yenyewe, stoo iko wazi kabla ya wakati.

Nikamwambia haijawa wazi. Kuna beseni chini ya meza ya mtungi.

Alicheka. Acha acheke.

Ijumaa, 2 Januari

Nimeenda kwa Mama Fahim mikono mitupu. Njia nzima nilitunga maneno na nilipofika yote yalikimbia. Nikasema tu: sina. Mama mkwe aliwatia dawa ya mahindi akidhani ni Osama. Waliobaki hai nimewazika.

Alikuwa anafunga miguu ya kuku wa mteja. Hakuinua kichwa.

"Waliobaki walikuwa wazima?"

Walikuwa wanatembea, nikasema.

"Na hukuleta."

Sikuleta.

Akamaliza kufunga kuku, akapokea pesa yake, akanawa mikono. Akasema ameaibika, kwa kuwa ameshaambia watu. Alisema kwa ukali na nilistahili. Kware wake watarudi kwa omena. Nikafikiri yamekwisha, nikaanza kuaga.

"Ngoja kwanza. Lini?"

Nikahesabu kwa vidole: wanaolala waamke, watage, wadogo wakue. Mwezi wa tatu, mwishoni.

"Mwezi wa tatu nitakuja mwenyewe kwako, mimi na Abdulatif. Tuone mahali unawalea. Nikikuta pahali pa maana, tunaendelea. Nikikuta makarai chini ya kitanda, Mama Mulwa, tutabaki tukisalimiana tu."

Pahali pa maana. Ni stoo ile! Hakuna pengine! Na ndengu zimeanza kukauka maganda.

Alhamisi, 8 Januari

Wameanza kuamka. Asubuhi nilikuta mmoja ameshatoka ganda, mwekundu-mwekundu, bado laini. Jioni alikuwa ameanza kuwa mweusi.

Safari hii nilimwita Mwaitu. Tangu siku ile tunasemezana kuhusu chumvi na kuni tu. Nikamketisha sebuleni, nikaweka beseni miguuni pake, nikamwonyesha kila kitu: huyu amelala, huyu anaamka, huyu ni mama. Huyu hawezi kutoboa punje ngumu kama Osama, meno yake ni ya pumba na vitu vilivyovunjika. Lakini ni ndugu zao, sikuficha.

Alichukua mmoja akamweka kiganjani. Mdudu akatembea mpaka kwenye kifundo cha mkono. Mwaitu hakumpangusa.

"Hii ndiyo nimeua," akasema.

Ndiyo, Mwaitu.

Hakusema pole. Mimi pia sikusema. Lakini baadaye alichukua ndoo na sabuni akaenda stoo, tukaosha rafu, kuta, sakafu, makarai yote, mara mbili, na maji ya kwanza tukamwaga kwenye shimo lile la nyuma ya choo. Mgongo wangu umekufa. Wake je?

Jumamosi, 17 Januari

Leo nimecheka mpaka nikalia.

Pumba mpya zinahitajika, na hizi lazima ziwe safi. Mahindi yanayosagwa sasa ni ya mwaka jana, yaani yamelala na dawa miezi yote. Sikuwahi kulifikiria hilo! Nilikuwa nabahatisha tu. Nikasema nitanunua za ngano. Mwaitu akasema pesa ya ngano ni ya nini, akajifunga leso, akaenda kwenye mashine ya kusagia. Mwenye mashine ndiye amenisimulia. Mwaitu alikaa kwenye debe hapo mlangoni kuanzia asubuhi, na kila mwanamke aliyeingia na mahindi alisimamishwa.

"Hii yako ina dawa?"

"Iko nayo, shosho, si unajua Osama."

"Pita."

Mpaka akapatikana Nyamai wa kule bondeni, anayeweka mahindi yake kwenye gunia za kuziba hewa, bila dawa. Mwaitu akang'ang'ania pumba zake. Alimfuata hata nyumbani akanusa gunia!

Amerudi na nusu gunia kichwani. Akalitua mbele ya stoo, akasema, "Hizi wape." Kana kwamba ni mimi niliyechelewa.

Jumatatu, 26 Januari

Pumba zinatembea!

Ukitazama haraka huoni kitu. Ukikaa kimya, uso wa karai unasogea kidogo, huku, kule. Wadogo, kama uzi uliokatwa. Hawawezi kuuzwa wala kulishwa kuku. Lakini wapo. Mwaitu amekaa nao muda mrefu, ameweka maganda ya boga yaliyokatwa membamba kuliko ninavyokata mimi.

Ndengu tumeanza kung'oa. Nzuri mwaka huu, nzuri sana, siwezi kulalamika, na bado kila nikifunga mganda mmoja natazama stoo. Nzioka amepiga simu. Anakuja Ijumaa, tutapura Jumamosi. Amekumbusha kuhusu stoo. Nikamwambia kuhusu mwezi wa tatu, Mama Fahim, Abdulatif wa Mwingi. Akasema, "Kasiva, ndengu ndio chakula. Ndengu ndio karo ya Mulwa. Hiyo ingine ni story."

Na hajakosea kuhusu karo. Ndiyo inayoniuma.

Jumamosi, 31 Januari

Naandika nikiwa jikoni, nimesimama. Chai iko motoni.

Tumepura tangu alfajiri. Vumbi mpaka kwenye meno. Magunia yamejaa, yameshonwa, yamepangwa uani, na upande wa mashariki kuna wingu ambalo halikualikwa. Kwa hivyo lazima yaingie ndani leo.

Nilimwambia Nzioka kabla hatujashika gunia la kwanza. Nilisema yote kwa utulivu, nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Ndengu zikae sebuleni, kwenye magunia yale ya kuziba hewa, nimeshanunua ya kutosha kwa pesa ya mayai, hayahitaji dawa wala stoo. Sebule yetu ni kubwa. Mpaka mwezi wa nne tu. Kama Mama Fahim akija asirudi tena, mimi mwenyewe nitatoa makarai na sitasema neno.

Akasema wageni wataketi wapi, juu ya ndengu? Akasema tangu azaliwe hajaona nafaka ikilala sebuleni na wadudu wakilala stoo. Wanaume wawili wanaotusaidia walicheka. Hapo nikajua nimeshindwa. Akishachekewa na wanaume, Nzioka harudi nyuma.

Sikulia. Niliingia stoo nikaanza kuteremsha makarai. Moja nikalishika, likiwa na wale wadogo wangu wanaotembea, na sikujua nilipeleke wapi. Chumbani ni mabati, na Februari hii watapikwa wote kabla ya saa sita. Nikalirudisha rafuni. Nikatoka kwa hasira, nikaja kupika chai.

Mwaitu alikuwa uani muda wote huu. Alikuwa anaokota ndengu zilizomwagika, moja moja, anazitia mfukoni. Halafu nikiwa hapa dirishani nikamwona ameinuka, amevuka uani polepole, amefika mlango wa stoo. Akaukokota kwa nje, ukafungika. Akageuka. Akaketi kizingitini.

Nzioka alikuwa anakuja na gunia begani, gunia la kwanza, ameinama.

"Mwaitu, nipishe."

"Nimechoka," akasema Mwaitu. "Zungukeni."

"Nizunguke wapi?"

Mwaitu ameelekeza kidevu mlango wa sebule. Ametoa ndengu mfukoni, anazichambua kiganjani, anapuliza vumbi. Wale wanaume wawili hawacheki tena. Nzioka amemtazama Mwaitu, ametazama wingu, sasa anatazama dirisha la jikoni, ananitafuta. Chai inafoka, inazima moto, na sisogei.

Stoo ina mlango mmoja tu. Gunia liko begani bado. Mwaitu amenyoosha miguu.